Baraza la wazazi kwenye kituo cha watoto Tanga: nawapa alama nzuri, ila bajeti waifungue

Wateja wangu wa cherehani pale Ngamiani wananiuliza kila mara: lile baraza la wazazi la kituo cha watoto ni la kweli, au mnaitwa mpigwe picha, mnywe soda, mrudi? Ni swali la haki kabisa. Mimi ni mjumbe tangu baraza lilipoundwa, na binti yangu, mwenye mtindio wa ubongo, anafanyishwa mazoezi palepale. Kwa hiyo naandika kama mtu anayeitumia huduma. Jina la kituo naliacha makusudi. Mji wetu watu tunajuana, na wapo watoto ambao ukitaja kituo tu, mtu ameshawajua. Mwenye kukihitaji amuulize afisa ustawi wa kata yake, ataelekezwa.

Kituo kinapokea watoto wenye ulemavu kwa mazoezi na vifaa, kinawashauri wazazi wanaogombania matunzo, na kinawafuatilia watoto waliorudi nyumbani baada ya kukaa kwenye makao ya watoto. Mambo mazito yote yanaishia mezani kwa ustawi wa jamii wa halmashauri, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, imezibebesha serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika maeneo yao. Baraza ni la wazazi na walezi waliopita humo wenyewe. Yupo bibi wa Makorora anayelea wajukuu yatima. Yupo mama wa Mabawa ambaye wanawe walichukuliwa, wakakaa makao, kisha akarudishiwa. Yupo baba mvuvi wa Sahare ambaye mzazi mwenzie alimpeleka ustawi. Leo anatoa matunzo na wanawe anawaona kila wiki. Wengine ni sisi akina mama wa watoto wenye ulemavu, na ndio wengi. Hakuna aliyechukuliwa kwa sababu anajua kusema mbele za watu. Bibi yetu kwanza husema kwa sauti ya chini mpaka kila mtu anasogeza kiti.

Nilichokipenda kuliko vyote ni wakati tunaoitwa. Kwingine mzazi huitwa kama mtu anayeitwa kupima nguo iliyokwisha kushonwa na kupigwa pasi: ukisema inabana, fundi anakuambia vaa tu, itajiachia. Hapa tuliitwa kitambaa kikiwa bado kiko mezani. Na mfano mzuri ni ile fomu ya usajili.

Fomu ya zamani, swali la kwanza baada ya jina la mtoto lilikuwa: baba yuko wapi. Likifuatiwa na: mnaishi pamoja? Kuna ofisi moja, siyo hii, niliwahi kuulizwa maswali hayohayo dirishani, foleni iko nyuma yangu, na muulizaji anasikika mpaka benchi la mwisho. Jirani yangu wa mtaa alikuwa amekaa kwenye benchi hilo. Nilisema baba amesafiri, nikachukua mtoto wangu nikaondoka. Mzazi akiondoka namna ile, kitabu cha ofisi kinaandika kwamba hakurudi. Hakiandiki kwa nini.

Kwenye baraza tuliwekewa fomu mezani, kila mmoja na kalamu nyekundu. Mratibu akatuambia, "Mama zangu, baba zangu, kateni." Tukakata. Sasa swali la kwanza ni mtoto huitwa nani nyumbani. La pili, kilichokuleta leo ni nini. Habari za baba zimehamia ukurasa wa pili, zinaulizwa chumbani mlango ukiwa umefungwa, na juu yake pameandikwa sababu ya kuuliza: matunzo na usalama wa mtoto. Bibi wa Makorora akadai jambo ambalo sisi wengine halikutupitia akilini. Yeye kila akihudhuria alikuwa anadaiwa barua mpya ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba mtoto ni wa kwake kulea, mtoto ambaye amempokea kitovu hakijadondoka. Kila barua ni kwenda, kungoja, kurudi kesho. Sasa barua inaombwa mara moja, inatunzwa kwenye faili, basi.

Halafu likaja swali la chakula. Fomu ilikuwa inauliza familia inakula mara ngapi kwa siku. Mama wa Mabawa akaishika ile karatasi, akaangalia, akasema: "Mimi nilijibu tatu. Ilikuwa moja. Ningesema moja ningeona nawapoteza wanangu siku ileile." Maafisa wawili waliokuwa kikaoni waliweka kalamu chini. Mmoja wao, kijana mstaarabu sana, alisema amekuwa akiuliza swali hilo miaka yote na majibu yote ameyaamini. Hapo ndipo nilipoona thamani ya baraza kwa macho yangu. Mtaalamu ana digrii, ana uzoefu wa kazi, lakini hofu ile hajawahi kuibeba tumboni. Aliyeibeba ndiye anayejua jibu lipi lina uongo na uongo wenyewe unatoka wapi.

Kikao kilichofuata, mratibu alituletea Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, ile iliyopokelewa na Baraza Kuu mwaka 2009. Inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Uchukuliwe kuwa ishara kwamba familia inahitaji kusaidiwa. Tukaomba maneno hayo yawekwe kwenye fomu, juu ya swali la chakula, kwa herufi kubwa, na mpokeaji ayasome kwa sauti kabla ya kuuliza. Yamewekwa. Mama wa Mabawa ndiye aliyeyapanga maneno, kwa Kiswahili cha mtu anayezungumza na mwenzie.

Suala la maafisa kutembelea nyumbani tulibishana kwelikweli, na naliandika kwa urefu kwa sababu watu wanadhani baraza ni kukubaliana tu. Gari la kituo lina maandishi makubwa ubavuni. Likisimama Ngamiani, kwenye barabara zetu zile za namba, kabla afisa hajashuka watoto wa mtaa wameshalizunguka na watu wazima wamejaa vibarazani. Jioni unaulizwa, kulikoni shoga? Tukasema: gari lisimame mbali, afisa aje kwa miguu au kwa bajaji, avue kizibao chenye nembo, na apige simu kwanza. Matatu ya mwanzo yakapita. Hilo la kupiga simu kwanza, afisa ustawi wa halmashauri akalikataa. Akasema kuna nyumba ukipiga simu, mtoto aliyepigwa anafichwa kwa shangazi yake kabla hujafika. Baba wa Sahare akamuunga mkono, akatoa mfano wa nyumba anayoijua yeye, bila kutaja jina. Mimi nilikuwa upande wa simu, na bado moyo wangu uko huko kwa familia nyingi, ila hoja yao ilikuwa nzito. Tulichofikia ni hiki: anayefuatiliwa kwa mazoezi, vifaa au matunzo apigiwe simu siku moja kabla. Pakiwa na taarifa ya mtoto kuumizwa, afisa haombi ruhusa ya mtu. Kifungu cha 95 cha sheria ileile kinamtaka yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa, na namba 116 ya kumsaidia mtoto inapigwa bure. Taarifa ikishatolewa, afisa lazima aweze kufika bila mtu kujiandaa.

Kitu cha pili kikubwa ni wazazi wasindikizaji. Mzazi mpya akija mara ya kwanza anaulizwa kama angependa kukaa na mtu aliyewahi kupita njia hiyo. Akikubali, mmoja wetu anakuja. Hatutoi ushauri wa kisheria, hatuandiki chochote kwenye faili. Tunakaa naye, tunamweleza kikao kitakwendaje, nani atauliza nini, na baadaye tunamkumbusha alichoambiwa, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi anatoka mle ndani amesikia nusu. Mwezeshaji aliyetufundisha alitueleza kwamba New York wazazi waliopitia ustawi wa watoto walikuwa na shirika lao, Child Welfare Organizing Project, tangu mwaka 1994, na wakafunzwa kukaa upande wa wazazi wenzao. Wenzetu wale walianza kutokana na uchungu wa kunyang'anywa watoto kwa wingi. Huku kwetu mambo ni tofauti. Kilio kikubwa cha ustawi ni matunzo na kuzungushwa. Lakini yule mama anayeingia ofisini akitetemeka ni mmoja, awe New York au awe Duga.

Niliwahi kumsindikiza mama kijana wa upande wa Pongwe, mtoto wake ana miezi kadhaa na shingo haijakaza. Mtaalamu wa mazoezi alimweleza vizuri, bila haraka. Tulipotoka nje akaniuliza kitu ambacho hakukiuliza mle ndani: "Dada, wa kwako anaita mama?" Nikamwambia wa kwangu haiti, ila akisikia cherehani imesimama anageuza macho kunitafuta. Akalia, akanyamaza, akaniuliza wapi wanatengeneza kile kiti cha mbao chenye mkanda. Mazungumzo yale hakuna fomu itakayoyaleta. Ndiyo maana tulidai wasindikizaji walipwe nauli kama wajumbe, na kituo kikakubali.

Vikao vya familia, ambapo ukoo unakaa kupanga malezi ya mtoto, navyo vimebadilika. Nyuma ya wazo hili ipo sheria ya Nyuzilandi ya mwaka 1989, iliyokuja baada ya Wamaori, wenyeji wa asili wa huko, kulalamika kwamba serikali inachukua watoto wao na kuamua bila ukoo kusikilizwa. Ukoo unaitwa, unapewa taarifa zote, halafu maafisa wanatoka chumbani, familia inabaki peke yake kupanga. Kwetu Tanga kukaa wazee si jambo geni. Ami, shangazi na mjomba wamekuwa wakisuluhisha tangu zamani. Jipya ni kwamba mpango unaandikwa, afisa anausoma, na mtoto ndiye anayetazamwa, siyo heshima ya ukoo. Mama wa Mabawa ndiye aliyeweka mpaka, na alisimama kuusema: palipo na ukatili, hasa wa kingono, hakuna kikao cha familia. Moja kwa moja dawati la jinsia na watoto polisi. Sote tunajua kesi zinavyomalizwa kienyeji nyumbani, mtoto anabaki na mtu yuleyule. Baraza zima lilikubali bila kupiga kura.

Kuhusu malipo. Mjumbe anapewa posho ya shilingi 10,000 kwa kikao, nauli ikiwa humohumo, na chai ya maziwa na mkate wa ajemi. Mwenye mtoto asiyeweza kupanda daladala analipiwa bajaji juu ya posho. Hili la bajaji lilichukua vikao kueleweka, maana mhasibu alikuwa anataka tiketi. Binti yangu ni mzito sasa, viungo vinakaza, simbebi kwenye daladala ya kubanana. Na dereva wa bajaji hana tiketi. Sasa tunasaini daftari. Kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mkono, asubuhi moja ya kikao ni suruali za watu ambazo hazikuisha. Januari ndiyo hatari kabisa, wazazi wote wa mji wanataka sare kwa siku moja. Kikao cha Januari kimefutwa kwa sababu hiyo. Na baba wa Sahare akaleta la kwake: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbaamwezi ikiwa pevu wavuvi wako nyumbani. Tangu hapo vikao viko Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Ijumaa hatugusi. Sijaona ofisi nyingine yoyote inayopanga kikao kwa kutazama mwezi, na nawapongeza kwa dhati.

Wanalo pia daftari la majibu. Kila tulichopendekeza kinaandikwa upande wa kushoto. Kulia kituo kinaandika kimefanya nini, au kwa nini hakikufanya. Daftari liko mapokezi, mzazi yeyote anafungua. Tuliomba ngazi ya mlango wa nyuma iwekewe mteremko wa magurudumu: umejengwa. Tuliomba mazoezi yafanyike pia Jumapili: wamekataa, wameandika mtaalamu ni mmoja. Nimeridhika na kukataliwa kwa namna hiyo. Kukataliwa kwa kimya ndiko kunakochosha watu.

Sasa mapungufu, na nitayasema yote.

La kwanza ni bajeti. Tunapanga fomu, tunapanga vikao, tunapanga hata rangi ya kuta. Lakini fedha za mwaka, ngapi zinakwenda kwenye mafuta ya gari, ngapi kwenye semina, ngapi kwenye viti vya watoto, hatujawahi kuonyeshwa. Tumeomba zaidi ya mara moja. Jibu kwenye daftari ni kwamba suala lipo kwa uongozi. Watoto wanasubiri viti vya mbao, na fundi seremala wa kuvitengeneza tunaye hapahapa mjini. Mzazi aliyekaa na mtoto mkekani mwaka mzima angejua pa kupunguza. Hapa kituo bado kinatuogopa, na sioni sababu.

La pili, karatasi za kikao tunapewa asubuhi ya kikao. Kurasa nyingi, meza inasubiri, nani atasoma? Zitumwe siku kadhaa kabla. Wanaosomewa na watoto au wajukuu wao, kama bibi yetu, wanahitaji muda zaidi ya sisi.

La tatu, akina baba. Baba wa Sahare yuko karibu peke yake. Wanaume wengi wanalijua jengo lile kama mahali pa kuitwa na kugombezwa, na barua ya wito wanayopelekewa inasomeka kama ya polisi. Tumeshaanza kuiandika upya. Rasimu ya kwanza aliandika yeye mwenyewe, inaanza kwa salamu na inamtaja mtoto kwa jina kabla ya kutaja deni.

Na lipo jambo ambalo kijana afisa alilisema, likatuuma kidogo, lakini ni kweli: wazazi si watoto. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye maamuzi yanayomhusu. Mtoto wa mama wa Mabawa, ambaye sasa ni mkubwa wa shule ya msingi, alipoulizwa kilichomuumiza siku ile alisema si kuchukuliwa. Ni kwamba mfuko wake wa daftari uliachwa nyumbani na hakuna aliyerudi kuufuata. Mama yake hakulijua hilo mpaka siku hiyo. Mimi pia binti yangu hasemi, na najifunza kusoma anachokataa kwa mwili wake: zoezi lipi anakunja mkono, mtaalamu yupi anamtulia. Kituo kimeahidi kuwa na kikao cha watoto peke yao, na wasioongea wawe na mtu anayewafahamu. Kimeahidi tu, hakijaanza. Nitakuja kuandika kikianza.

Usiri umekaa vizuri. Kila mjumbe amesaini, na hakuna msindikizaji anayepangiwa familia ya mtaa wake. Wa Ngamiani anakwenda Pongwe, wa Sahare anakwenda Mabawa. Mpaka leo sijasikia habari ya kikaoni ikizagaa sokoni Mgandini, na huko ndiko ningeisikia.

Kwa jumla nawapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano iko kwenye kabati la mhasibu.

Wajumbe wapya wanachukuliwa kila mwaka baada ya Idi, theluthi moja ya baraza inaachia nafasi. Unatakiwa uwe umepitia huduma za ustawi wa mtoto, za kituo hiki au za kwingine, na shauri lako liwe limemalizika au limetulia. Kusoma na kuandika si sharti. Mtoto unaweza kuja naye, kuna mama wa kumwangalia chumba cha mazoezi wakati wa kikao. Akina baba wa Sahare, Chumbageni na Makorora, nafasi mbili zimeachwa wazi kwa ajili yenu. Njoo na nakala ya kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura na namba ya simu inayopatikana; barua ya mtaa haihitajiki.